Laptopu Iliyokuwa Bubu Baada ya Kuwekewa Windows Upya

Laptopu, au kompyuta mpakato kama wanavyoiita wataalamu wa lugha, sasa imeingia katika nyumba nyingi za askari na polisi kama ilivyoingia redio zamani. Mama huandika humo hesabu za chama cha kuweka na kukopa. Kijana hujisomea humo masomo ya mtihani. Na baba akiwa kazini mbali, iwe Karamoja au Somalia, watoto huiona sura yake humo jioni. Kwa hiyo mashine hiyo inaponyamaza, nyumba nzima hutaabika.

Yako malalamiko ya aina moja ambayo husikika mara kwa mara. Mashine imekuwa nzito, au imeingiwa na virusi. Mwenyewe huipeleka kwa fundi, naye fundi hufuta kila kitu na kuweka Windows upya, kazi ambayo vijana wa madukani huiita kupiga Windows. Laptopu hurudi nyumbani ikiwaka upesi na kung'ara kama mpya. Lakini haioni waifai. Haitoi sauti. Maandishi yamevimba kwenye kioo, mwanga wake haupungui wala hauongezeki, na kamera haina habari. Mwenye mali hudhani ameibiwa vifaa. Na fundi asiye mwaminifu, akiona kwamba mteja wake haelewi, humwambia kuwa kadi ya waifai imeungua na kifaa cha sauti nacho kimekufa, hivyo alete fedha nyingine.

Ukweli ni kwamba, katika hali kama hiyo, aghalabu hakuna kilichoungua wala kilichoibwa. Kilichopotea ni draiva, na draiva hurudishwa bila kununua kifaa chochote. Hata mtu asiye fundi aweza kuirudisha akiwa na simu, waya wake wa kuchajia, na subira ya jioni moja.

MKALIMANI ALIYEFUKUZWA

Neno draiva lina asili moja na neno letu dereva, lakini kazi yake yafanana zaidi na ya mkalimani. Windows ni kama kamanda anayejua lugha moja tu. Chini yake viko vifaa vilivyotengenezwa na makampuni mbalimbali: kadi ya waifai huenda ni ya Intel, kifaa cha sauti ni cha Realtek, cha picha ni cha AMD au Nvidia, na kila kimoja kina lugha yake. Draiva ni programu iliyoandikwa, kwa kawaida na mtengenezaji wa kifaa chenyewe, ili kutafsiri amri za Windows ziwe matendo ya kifaa hicho. Fundi anapofuta diski, huwafuta wakalimani wote pamoja na uchafu mwingine. Vifaa hubaki mahali pake, na umeme vinapata, ila havielewi vinaambiwa nini.

Msomaji atauliza: mbona kibodi inafanya kazi, na kioo kinaonyesha picha? Jibu ni kwamba Windows huja na hazina yake ya draiva za jumla, na hizo zatosha kuiamsha mashine. Draiva ya jumla ya kioo, ambayo huandikwa kwa jina la Microsoft Basic Display Adapter, huonyesha picha na basi: mwanga haubadiliki, video huenda kwa kukwamakwama, na kioo cha pili au projekta hukataliwa. Tachipadi nayo, yaani kile kibao cha kupapasia kidole, katika laptopu nyingi za miaka ya karibuni zenye kichakataji cha Intel huunganishwa kwa njia inayohitaji draiva iitwayo Serial IO. Ikikosekana, kidole hupapasa bure, na hapana budi kupachika kipanya cha waya. Kwa hiyo dalili nyingi zinazomtisha mwenye mali ni ugonjwa mmoja tu wenye sura mbalimbali.

Jambo jingine lapasa kujulikana mapema. Draiva nyingi hufanya kazi katika moyo wa mfumo, mahali ambapo programu za kawaida haziruhusiwi kufika. Ikiwa mbovu, huiangusha mashine nzima. Ikiwa imetengenezwa na mwizi, hakuna mlango utakaomzuia. Tarehe 19 Julai 2024 ulimwengu ulilishuhudia jambo hilo pale kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilipotuma sasisho lenye kasoro, likasomwa na draiva yake, na kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka. Viwanja vya ndege na hospitali katika nchi nyingi zikasimama. Ndiyo maana tangu Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, mfumo wa biti 64 hukataa draiva za moyoni zisizo na sahihi ya kidijiti. Akikwambia mtu kwamba ni lazima uzime ulinzi huo ndipo draiva yake ikubali kuingia, mkatalie.

KWA NINI WENGI WAMEPATWA

Watu wengi wamelazimika kuweka mfumo upya kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, kwa taratibu zake rasmi hutaka kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel hutaka, isipokuwa kwa mashine chache, kichakataji cha kizazi cha 8 au kilicho kipya zaidi. Laptopu zetu nyingi ni zile zilizotumika kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani au Dubai, na baadhi yake ni za kabla ya hapo. Fundi huingiza Windows 11 kwa hila, kisha mwenye mashine akitafuta draiva katika tovuti ya mtengenezaji hukuta za Windows 10 tu, na hukata tamaa. Asikate. Draiva za Windows 10 za biti 64 kwa kawaida hufanya kazi katika Windows 11 pia.

KABLA YA KUFUTA

Yule ambaye bado hajaipeleka mashine yake kwa fundi ana bahati, kwa maana anaweza kuwahifadhi wakalimani wake wote kabla hawajafukuzwa. Njia ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Chomeka flashi yenye nafasi ya kutosha, kwa sababu draiva zote pamoja huweza kufika gigabaiti kadhaa. Fungua humo folda mpya na uipe jina la draiva. Kisha fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, na uandike hivi:

pnputil /export-driver * D:\draiva

D hapa ni herufi ya flashi yako. Yaweza kuwa E au F. Amri hii imo katika Windows 10 tangu toleo la mwaka 2016, na hunakili kila draiva iliyoongezwa juu ya zile za jumla. Mfumo mpya ukishawekwa, utazirudisha kutoka katika flashi hiyo bila kutumia hata megabaiti moja ya intaneti. Ajabu ni kwamba kazi hii huchukua dakika chache, nayo ni bure, ilhali mafundi wengi hawaifanyi. Mwenye mashine na amwambie fundi wazi: hifadhi draiva kwanza, ndipo ufute.

Pamoja na hayo, nakili picha za familia, vyeti na hesabu zako mahali pengine, wala si katika diski ile ile itakayofutwa. Andika pia jina kamili la mashine. Haitoshi kusema ni HP au Dell. Geuza laptopu, usome kibandiko cha chini: Dell huwa na namba ya huduma ya herufi na tarakimu 7, HP huwa na namba ya bidhaa, Lenovo huwa na namba ya aina na namba ya mfululizo. Kibandiko kikiwa kimefutika, andika msinfo32 katika sehemu ya kutafutia ya Windows, na jina la mashine litaonekana.

FUMBO LA KUKU NA YAI

Sasa tuje kwa yule ambaye mambo yamekwisha kumharibikia. Taabu yake kubwa ni hii: draiva ya waifai iko katika intaneti, na intaneti haipatikani bila draiva ya waifai. Hapo ndipo wengi hushindwa na kurudi kwa fundi.

Fumbo hili hutatuliwa na simu ya mkononi. Chukua simu ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wa kuchajia, hakikisha ni waya unaopitisha data wala si umeme peke yake, kisha katika mipangilio ya simu, mahali pa kushirikisha intaneti, washa ile njia ya USB. Laptopu itaiona simu kana kwamba ni kadi ya mtandao, kwa sababu Windows aghalabu imekwisha beba draiva ya kazi hiyo ndani ya hazina yake ya jumla. Ushirikishaji wa waifai, ambao wengi wameuzoea, hausaidii hapa. Laptopu haina masikio ya kuusikia. Ushirikishaji wa waya ndio unaofaa. Simu za iPhone huhitaji draiva yake nyingine, hivyo kwa shida hii tafuta ya Android, hata ukiiazima kwa jirani.

Njia hiyo hiyo humwokoa mtu aliyekwama katikati ya kuweka Windows 11, pale mashine inapodai intaneti na kukataa kuendelea, na huku orodha ya waifai ni tupu. Chomeka simu, ngoja kidogo, na safari itaendelea.

Asiye na simu ya namna hiyo anaweza kutumia waya wa mtandao kama laptopu ina tundu lake, ama kupakua draiva ya waifai kwa kompyuta nyingine na kuileta kwa flashi. Lakini hapa twapenda kuwaonya hasa wasomaji wetu walio kazini. Kompyuta ya ofisi ya kikosi au ya kituo cha polisi si mahali pa kuchomeka flashi ya nyumbani. Mwaka 2008 majeshi ya Marekani yenyewe yaliingiliwa na programu haribifu iliyopitia flashi iliyochomekwa katika laptopu ya kijeshi huko Mashariki ya Kati, ikaenea hata katika mitandao ya siri. Novemba mwaka huo flashi zikapigwa marufuku katika kompyuta zao kwa muda. Ikiwa jeshi lenye fedha na wataalamu wote wale lilipatwa, kituo chetu kidogo hakina kinga. Mwende mtoto katika duka la intaneti, au jirani atusaidie.

WACHA WINDOWS IFANYE SEHEMU YAKE

Intaneti ikipatikana, watu wengi hukimbilia kutafuta draiva moja moja. Kwa maoni yetu huo ni usumbufu usio na maana. Fungua kwanza Windows Update, uiache itafute, izime na kuwaka tena mara mbili au tatu, kisha utazame sehemu ya masasisho ya hiari, ambamo draiva nyingi hujificha. Mara nyingi sauti, kamera na picha hurudi zenyewe hapo, bila mtu kugusa kitu.

Tatizo ni gharama ya data. Draiva ya waifai ni ndogo, megabaiti makumi tu, lakini ya picha huweza kupita megabaiti 500, na masasisho ya Windows yenyewe hula gigabaiti. Kwa hiyo mwenye kifurushi kidogo afanye hivi: atumie simu kuipata draiva ya waifai peke yake, kisha aipeleke laptopu mahali penye waifai ya bei nafuu kwa kazi iliyobaki. Zaidi ya hayo, ikiwa umeiambia Windows kwamba unatumia mtandao wa kulipia kwa kipimo, nayo huweza kujizuia kupakua draiva. Ukiona imenyamaza tu, angalia hapo.

KIFAA KISICHO NA JINA

Vitabaki vifaa kimoja au viwili ambavyo Windows haikuvifahamu. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, chagua Device Manager, na utaona orodha ya vifaa vyote vya mashine. Chenye alama ya mshangao katika pembetatu ya manjano ndicho kinacholia. Kikifunguliwa kikaandika namba 28, maana yake draiva haikuwekwa. Hiyo ni habari njema: mashine inakiona kifaa, na kifaa kinaitika.

Huenda jina lake limeandikwa tu kuwa ni kifaa kisichojulikana. Usihofu, kwa maana kila kifaa hubeba namba yake kama askari anavyobeba namba yake ya jeshi. Bofya jina hilo mara mbili, nenda kwenye ukurasa wa Details, na katika orodha ya juu chagua Hardware Ids. Utaona maandishi yanayoanza na PCI au USB. Katika yale ya PCI, tarakimu nne zinazofuata VEN ni za kampuni, na nne zinazofuata DEV ni za kifaa chenyewe. Intel ni 8086, namba iliyochukuliwa kutoka katika kichakataji chake mashuhuri cha mwaka 1978. Realtek ni 10EC, Nvidia ni 10DE, AMD ni 1002, Broadcom ni 14E4, na MediaTek ni 14C3. Mathalani, ukisoma VEN_8086 na DEV_24FD, umekwisha jua kuwa ni kadi ya waifai ya Intel iitwayo Wireless 8265, iliyo katika laptopu nyingi za ofisi za miaka ya 2017 na 2018. Hakuna fundi atakayekudanganya tena kwamba kadi hiyo haimo.

Na mara nyingine kile kinachoogopwa ni kitu kidogo tu. Katika laptopu nyingi za HP huonekana kifaa kisichojulikana chenye namba HPQ0004. Watu huhangaika nacho siku nzima. Kumbe ni kihisio kinachotambua mashine inapoanguka ili kuilinda diski yake. Mashine huenda vizuri bila draiva yake, hasa kama diski si ile ya zamani inayozunguka.

Ukishapata jina, nenda katika tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, uandike ile namba ya kibandiko, nayo itakupa draiva za mashine yako wewe, wala si za nyingine inayofanana nayo. Anza na draiva ya chipseti, maana hiyo ndiyo inayovitambulisha vifaa vingi vingine. Baadhi ya alama za manjano zitatoweka papo hapo. Kisha endelea na picha, sauti na tachipadi. Zima na kuwasha mashine inapokuomba. Ikiwa draiva imo katika folda, kama zile ulizozihifadhi kwa flashi, rudi Device Manager, bofya kitufe cha kulia juu ya kifaa, chagua kusasisha draiva, uielekeze mashine kwenye folda hiyo, na ukubali itafute hata ndani ya folda ndogo zilizomo.

Kuna programu nyingi zinazojitangaza kuwa zitatafuta na kuweka draiva zote kwa mbofyo mmoja. Sisi hatuzipendi. Baadhi huleta draiva zisizo za mashine yako, baadhi hudai malipo baada ya kukutisha kwa orodha ndefu ya hatari za uongo, na baadhi huingiza programu za matangazo au za wizi. Kadhalika, ukitafuta draiva kwa namba yake, tovuti za kwanza kuonekana mara nyingi si za mtengenezaji. Zimejaa vitufe vikubwa vya kijani vinavyokuita ubofye. Pita. Polisi anayemkuta mtu asiyemjua akigawa sare za polisi barabarani hatamshukuru kwa ukarimu wake.

DISKI ISIYOONEKANA

Liko kosa moja la mafundi ambalo gharama yake ni kubwa kuliko yote, nalo lahusu laptopu za Intel za kizazi cha 11 na baada yake, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2020. Katika nyingi kati yake, diski imewekwa nyuma ya kifaa cha usimamizi kiitwacho VMD. Fundi akianza kuweka Windows, orodha ya diski hutokea tupu kabisa. Basi hutangaza kwamba diski imekufa, na mwenye mali hununua nyingine, ambayo nayo haionekani.

Diski ni nzima. Mkalimani wake ndiye hayupo. Pakua draiva ya Intel iitwayo RST kutoka katika tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ifungue katika folda ndani ya flashi mpaka uone faili zenye mwisho wa inf, na katika ukurasa ule ule wenye orodha tupu bofya neno la kupakia draiva, uielekeze kwenye folda hiyo. Diski itajitokeza. Wako wanaopendelea kuizima VMD katika bayosi, ile programu ya chini kabisa ya mashine. Yafaa kwa mashine inayofutwa yote. Lakini kwa mashine yenye Windows na data ndani yake, badiliko hilo laweza kuizuia isiwake, au kuifanya idai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Uandike kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

UNAPOICHUKUA KWA FUNDI

Si kila mtu atapenda kufanya kazi hii mwenyewe, na mafundi waaminifu wapo, nao wanastahili ujira wao. Lakini usilipe ukiwa umesimama mlangoni. Keti, iwashe mashine, cheza wimbo usikie sauti, fungua kamera ujione, badili mwanga wa kioo, unganisha waifai ya dukani, ifunike laptopu ilale na kuifunua iamke, kisha ufungue Device Manager utazame kama kuna alama ya manjano. Ni kazi ya dakika tano, na fundi atakuheshimu zaidi kwa kuifanya.

IKIWA KIFAA KIMEKUFA KWELI

Hatusemi kwamba vifaa havifi. Ikiwa katika Device Manager kifaa hakionekani kabisa, hata kwa alama ya manjano, jambo ni tofauti. Angalia kwanza ile swichi ya pembeni ya laptopu za zamani, au kitufe chenye picha ya ndege, kwa maana mtoto huweza kukigusa bila kujua. Ingia pia katika bayosi uone kama kifaa hicho hakikuzimwa. Laptopu za Dell zina kipimo chao cha ndani kinachopatikana kwa kubonyeza F12 mashine inapowaka. Za HP hutumia F2. Vipimo hivyo havitegemei Windows.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni kuwasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, ambayo ni moja ya mifumo ya Linux, nayo ni ya bure na hufanya kazi kutoka katika flashi bila kugusa diski. Linux hubeba draiva nyingi mno ndani yake. Waifai ikifanya kazi humo, na sauti ikasikika, basi kifaa ni kizima na kosa ni la draiva ya Windows tu. Isipokuwa kadi kadhaa za Broadcom, ambazo hata Linux huzitafutia programu ya ziada. Ikinyamaza humo pia, ndipo mashine ifunguliwe. Katika laptopu nyingi za ofisi kadi ya waifai ni kipande kidogo kinachoshikiliwa na skrubu moja, na hubadilishwa kwa dakika chache. Ila uliza kwanza kama mashine yako haimo katika zile laptopu za zamani za HP na Lenovo ambazo bayosi yake hukataa kadi isiyo katika orodha ya mtengenezaji. Kwa hizo, nunua kadi ya namba ile ile iliyokuwamo.